Za video au za kula? Namna ya kuendesha chaneli ya mapishi na blogu ndani ya nyumba yenye watoto

Nilikuwa nimezipanga kaimati kwenye sahani nyeupe karibu na dirisha, shira inang'aa, simu iko kwenye stendi. Mwanangu wa mwisho, wakati ule ana miaka minne, akaja akasimama mlangoni, mikono kaificha nyuma. Akauliza: "Mama, hizi za video au za kula?"

Nikamwambia za video, asubiri. Akageuka akaenda zake uani, hakulia wala hakubembeleza. Kule kuondoka kwake kimyakimya ndiko kulikonikaa moyoni. Alikuwa ameshazoea kwamba nyumbani kwetu kuna vyakula vya aina mbili, na kwamba kuna saa ambazo mama yupo lakini hayupo.

Ninaendesha chaneli ya mapishi ya YouTube kutoka jikoni kwangu hapa Tanga, na nina blogu ninayoandikia mambo yangu: malezi, safari za Lushoto, kumbukumbu za bibi yangu. Baada ya siku ile nilikaa nikaipanga upya wiki yangu yote, na huu ndio mpangilio nilioufikia. Namwandikia mama, au baba, anayerekodi katika nyumba hiyohiyo anayoishi, kwa simu ya kawaida, bila ofisi wala msaidizi.

Hatua ya kwanza: jaza kwanza saa ambazo si zako

Ushauri unaosikika kila mahali ni kugawa siku sawasawa, saa hizi za familia, hizi za kazi, hizi zako. Nilijaribu, ukanishinda, kwa sababu kazi hizi tatu hazili muda wa aina moja. Familia ina saa zake na hazisogei: shule, sala, chakula, usingizi. Video inataka mwanga na ukimya. Blogu inataka kichwa kilichotulia tu, na inaweza kuishi kwa robo saa za hapa na pale, hata ukiwa kwenye benchi la kliniki.

Chukua daftari la kawaida, chora wiki nzima, kisha andika yale yote ambayo huwezi kuyapanga wewe. Kwangu watoto wanatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mdogo anarudi saa sita, wakubwa saa tisa. Baada ya magharibi ni homuweki. Saa tatu usiku wameshalala. Alhamisi mama mkwe anakuja kushinda, na Ijumaa mchana nyumba yetu haina kazi. Ukimaliza utaona yaliyobaki ni mapengo, na mapengo yenyewe hayafanani. Lenye mwanga na nyumba tupu ni la video. La alfajiri, au lililokatikakatika, ni la blogu.

Pengo langu la video ni moja: saa mbili asubuhi hadi karibu saa sita, Jumanne na Jumatano. Hazifiki saa nane kwa wiki. Nilipozikubali saa hizo kuwa ndizo nilizo nazo, niliacha kuahidi video tatu kwa wiki nikaahidi moja, na hiyo moja sijaikosa miezi mingi sasa.

Daftari hilo lisome pamoja na mwenzako. Watu wengi wa nyumbani wakikuona na simu hawaoni kazi, wanaona simu, na hawana kosa. Baba watoto wangu alielewa siku nilipomwonyesha saa zenyewe zimeandikwa, na nilipomwomba jambo linaloshikika badala ya kusema "nisaidie". Nilimwambia: "Jumanne na Jumatano, saa mbili mpaka saa sita, shule ikipiga simu kwamba mtoto anaumwa, wewe ndiye utakayepokea." Akasema sawa, akaenda shuleni kubadilisha namba. Kwa majirani nilitumia pazia la mlango wa jikoni. Likishushwa, narekodi. Likipandishwa, hodi yoyote inakaribishwa.

Hatua ya pili: rekodi chakula ambacho nyumba itakula

Hili ndilo jibu la kaimati. Usipike kwa ajili ya kamera. Chagua mapishi ya wiki kutoka kwenye chakula cha nyumba yako: mchana wa Jumanne ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, basi video ni samaki wa kupaka. Jioni watoto wanahitaji kitafunio cha chai, basi video ya pili ni vibibi au mkate wa kumimina. Siku ya kurekodi inakuwa ndiyo siku ya kupika, na gharama ya viungo inabaki kuwa ya sokoni uliyokuwa uitoe vyovyote. Nikiisha kupakua, sahani ya kwanza ni ya kula. Ya pili ndiyo inayokwenda dirishani kupigwa picha.

Kazi kubwa iko usiku wa kuamkia siku hiyo. Nakata vitunguu, nasaga thomu na tangawizi, napima unga, kila kitu kwenye kibakuli chake chenye mfuniko ndani ya friji. Nachaji simu na pawabenki, maana umeme ukikatika asubuhi hakuna atakayenisubiri. Nafuta vipande vya zamani mpaka simu ipate nafasi. Hakuna uchungu kama simu kukuandikia imejaa wakati kitunguu kimefika rangi yake hasa. Halafu naandika kwenye karatasi moja picha ninazozihitaji, kumi au kumi na mbili, naibandika ukutani. Bila karatasi hiyo nilikuwa narekodi saa moja na nusu. Nikiwa nayo, dakika arobaini.

Mwanga: dirisha la jikoni kwangu linatazama mashariki, na jua la saa mbili asubuhi hupiga chakula likaacha upande mmoja mweupe na mwingine mweusi. Dawa yake ni shuka jeupe jepesi lililotundikwa dirishani. Mwanga unapita umelainika, na tui linaonekana kama tui. Balbu ya ndani izimwe, kwa sababu mwanga wa balbu na wa jua zikikutana rangi ya chakula inaharibika. Taa ya mduara ninayo, niliinunua mwaka wa kwanza. Sasa wanangu wanaisomea umeme ukiwa hafifu.

Ukimya ndio ulionitesa zaidi. Bodaboda, jogoo wa jirani, mashine ya kusaga, feni, na adhana, ambayo mimi sitaki kuikata wala kuiomba isubiri. Kilichoniokoa ni kuacha kuongea wakati napika. Mwanga na ukimya si lazima vije saa ileile! Mchana narekodi picha tu, na sauti za jikoni zenyewe, nazi inapokunwa kwenye mbuzi, kitunguu kinapoingia mafutani. Maelezo yangu nayasoma usiku, watoto wamelala, chumbani, nikiwa nimekaa mbele ya kabati la nguo lililo wazi, maana nguo na godoro hunyonya mwangwi. Dakika kumi na tano zinatosha kwa video nzima. Tangu hapo mtoto akirudi mapema namwambia ingia, kaa hapa, koroga na wewe. Zamani ningemwambia "shhh".

Kama lazima uongee ukipika, zima feni na friji kwa dakika ishirini, na weka funguo za nyumba ndani ya friji. Hutatoka bila kulifungua, na ukilifungua utaona halina taa. Mimi nililisahau mara moja hadi jioni, samaki wa siku tatu wakaharibika. Na wakati wa masika, mvua ikiwa juu ya bati, usijisumbue na sauti kabisa. Siku hiyo ni ya kuandika.

Hatua ya tatu: hariri kwa kipimo, pandisha usiku

Simu nyingi zikirekodi kwa ubora wa picha wa 1080p hutumia kati ya MB 60 na 130 kwa kila dakika. Vipande vya dakika arobaini ni kama GB 2.4 hadi zaidi ya 5, na hapo hujaanza kuhariri. Siku hiyohiyo futa vibovu na hamishia vizuri kwenye diski ya nje. Nasema siku hiyohiyo kwa sababu fundi mmoja aliwahi kuifuta simu yangu yote akiitengeneza kioo. Zilikwenda video sita, na zikaenda picha za siku arobaini za mwanangu. Video nilizipika upya. Zile picha sina tena.

Kuhariri hakuna mwisho usipokuwekea mwisho. Najiwekea saa mbili kwa video, jioni mbili za saa moja moja watoto wakiwa wamelala. Muziki, maandishi ya kurukaruka na mapambo niliyaacha, na hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeuliza yamekwenda wapi. Wanachouliza ni vipimo. "Kikombe gani hicho dada?" Basi naandika vipimo vyote chini ya video, kwa vikombe na kwa gramu, na dakika tano hizo zinanipunguzia maswali ya wiki.

Kwa bando, piga hesabu kabla. YouTube wenyewe wanapendekeza video ya 1080p ipandishwe kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde. Dakika kumi zinafika karibu MB 600. Kwa 720p, ubora wa chini yake, ni megabiti 5, yaani karibu MB 375. Watazamaji wangu wengi wako kwenye simu, na wao pia wanabana bando, kwa hiyo mwezi ukiwa mgumu napandisha 720p bila wasiwasi. Napandisha usiku kwa bando la usiku, kisha naipangia saa ya kutoka. Mimi huweka saa kumi alasiri. Ndipo akina mama huku wanawaza cha jioni, na ndugu zetu walioko Oman, walio mbele yetu kwa saa moja, bado hawajaingia jikoni.

Maoni nayajibu mara mbili kwa wiki, nusu saa nusu saa. Kwenye mipangilio ya chaneli kuna sehemu ya kuorodhesha maneno usiyoyataka, nayo maoni yenye maneno hayo yanazuiwa yenyewe. Ijaze siku ya kwanza. Matusi ukiyasoma saa nne usiku unalala nayo, na asubuhi watoto ndio wanaoyalipia.

Hatua ya nne: blogu ibaki yako

Wengi hapa hukosea kwa nia njema. Chaneli ikianza kukua, wanaigeuza blogu kuwa tawi la chaneli: vipimo, viungo vya kupikia, tangazo, linki. Mimi nimekataa. Blogu ndiyo sehemu pekee ambayo sihitaji mwanga, nguo safi wala sauti nzuri. Blogu za Kiswahili zilianza hivyo, kwa watu waliokuwa na la kusema. Ndesanjo Macha alikuwa na blogu yake, Jikomboe, na Issa Michuzi, mpiga picha wa gazeti, alianza ya kwake mwaka 2005, akiiendesha pembeni ya kazi iliyokuwa ikimlisha.

Naandika baada ya alfajiri, kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka mtoto wa kwanza aamke. Siku nyingine napata aya nne, siku nyingine mstari mmoja. Mchana, neno likinijia mkono uko kwenye unga, nalisema kwenye simu kama ujumbe wa sauti wa kujitumia mwenyewe. Posti moja kwa mwezi inatosha, mbili ni baraka. Blogu nayo inaweza kupangiwa siku ya kutoka kama video.

Lakini blogu ya mambo binafsi ina hatari ambayo samaki wa kupaka hana. Nyumba ni siri. Nina mambo matatu ninayoyashika. Anayetajwa anasoma kwanza: baba watoto, dada yangu, mama mkwe, yeyote, na akisema hapana, ni hapana, sidai sababu. Nikiwa na hasira naandika lakini sichapishi mpaka zipite siku saba. Na ugonjwa, deni au ugomvi wa mtu mwingine siandiki hata kama sikumtaja jina, kwa sababu Tanga ni mji mdogo na watu wanajumlisha.

Kama unaandikia Tanzania, fahamu pia kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Ukitaka kuingia kwenye habari na matukio, nenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, uulize leseni inayokuhusu kabla hujaanza.

Hatua ya tano: watoto na kamera

Mikono ya wanangu utaiona kwenye chaneli yangu. Nyuso zao hapana. Uamuzi huu niliufanya baada ya kuona video ya mwanangu akilia kwa pilipili imetazamwa kuliko zote. Niliitazama idadi ile ikipanda, nikajiuliza kesho nitatafuta nini cha kumliza. Niliifuta.

Kwenu mnaweza kuamua tofauti, ila amueni kwa maneno, mezani, mtoto mkubwa akiwepo. Sare ya shule isionekane, wala geti, wala jina la mtaa, wala ratiba yao. Mtoto apewe haki ya kusema leo sitaki, na video iliyokwisha kutoka apewe haki ya kusema iondoe. Kama anafanya kazi kwenye video zako, ana fungu lake. Wenzetu wamefika kwenye sheria: Ufaransa ilipitisha ya kwake mwaka 2020, na jimbo la Illinois huko Marekani lilianza Julai 2024 kudai mzazi amwekee mtoto sehemu ya mapato ya video anazoonekana. Mimi sijasubiri sheria. Binti yangu anayenisaidia kukoroga ana kibubu chake, na kila mwezi fungu lake linaingia mbele ya macho yake.

Hatua ya sita: hela, na kusubiri kwake

Usiache kazi kwa matumaini ya matangazo. Ili ulipwe sehemu ya matangazo unahitaji watu 1,000 waliojiunga na chaneli, na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukishaingia, kwa video ndefu mtengenezaji hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo. Hela haitoki mpaka ifike dola 100, kisha hulipwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Mimi kabla ya hapo niliishi kwa oda za vileja zilizoletwa na video, na mpaka leo kuna miezi ambayo vileja vinaizidi YouTube.

Mambo mawili yachukulie kwa uzito. Mapato yakifika dola 10 unatumiwa barua yenye namba ya siri kwa posta, barua ya karatasi kabisa, na usipoiingiza ndani ya miezi minne matangazo yanasimamishwa. Andika sanduku la posta unalolifikia kweli, na mwambie mwenye sanduku kwamba kuna barua inakuja. La pili ni fomu ya kodi ya Marekani. Ukiijaza, kwa sisi wa Tanzania na Kenya ambao nchi zetu hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, YouTube wanakata asilimia 30 ya kile kilichotokana na watazamaji walioko Marekani tu. Usipoijaza wanaweza kukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Kwa chaneli ambayo watazamaji wake wengi wako Tanga, Mombasa na Muscat, kule kuijaza ni tofauti kubwa.

Hela ya chaneli iwe na laini yake. Inunue bando lake, gesi yake ya ziada, diski yake. Isiguse ada ya shule, na ada isiiguse. Mwezi isipojitosheleza, mwezi huo hakuna kununua kifaa.

Hatua ya saba: weka akiba ya video mbili

Mtoto ataumwa. Kutakuwa na msiba, kutakuwa na harusi ya siku tatu. Ramadhani itaingia, mwezi ambao watazamaji wa mapishi ni wengi kuliko mwaka mzima, nao ndio mwezi ambao mwenyewe umefunga na unataka kuwahi tarawehe. Kwa hiyo katika miezi myepesi rekodi video mbili za ziada ambazo hazina msimu, mkate wa kumimina na achari ya ndimu kwa mfano, zihariri hadi mwisho, zipandishe, zifiche. Za futari mimi huzirekodi Shaaban yote.

Mwaka jana mdogo alilazwa siku tano kwa homa. Nilikaa naye wodini, na Alhamisi saa kumi alasiri achari ya ndimu ikatoka yenyewe. Simu ilikuwa nyumbani kwenye chaji. Nilipotoka nikakuta maoni mengi, nikayajibu Jumapili, nikatumia video ya pili wiki iliyofuata, na wiki ya tatu nikarudi jikoni na pazia nikalishusha. Jambo la kwanza nililorekodi lilikuwa la kurudisha akiba.